Unatoka kwenye kodingi unataka kuingia chumba cha upasuaji? Pima haya kwanza

Miaka sita nimekaa nyumbani kwangu hapa Texas na skrini mbili mezani nikisoma ripoti za upasuaji na kuzipa namba za kudaia malipo, ndiyo kodingi yenyewe ya matibabu. Kutoa kifuko cha nyongo kwa kamera ilikuwa 47562, daktari akipiga na picha ya mirija ya nyongo humo humo inahamia 47563, goti la bandia 27447, kidole tumbo kwa kamera 44970, yaani hizo namba mpaka leo ukiniamsha usiku wa manane nakutajia. Halafu siku ya kwanza naingia chumba chenyewe, nimesimama ukutani na barakoa nimeambiwa nisiguse kitu chochote cha bluu, ile 47562 yangu ikaanza mbele ya macho yangu nikajua kwamba kumbe sijawahi kuijua. Sikujua kuna baridi kiasi kile, sikujua taa zinapunguzwa ili waione skrini vizuri, sikujua harufu ya nyama inayochomwa na umeme ikoje, na zaidi ya yote sikujua kwamba kuna mtu aliyefika mapema kabla ya daktari, akafungua masanduku, akapanga vifaa vyote kwa mpangilio wake, akahesabu kila gozi na kila sindano, na daktari akinyoosha mkono bila hata kugeuka anawekewa kile anachokitaka. Huyo mtu si nesi wala si daktari. Ni skrabu teki. Na leo huyo mtu ni mimi.

Naandika kwa ajili ya dada na kaka zangu mlioko huku Marekani mnaofanya kodingi. Wengi wetu tuliingia huko tukitoka kubeba maboksi au kulea wazee, tukasoma usiku, tukapata cheti cha koda cha CPC, tukashukuru Mungu kwamba sasa tunakaa kwenye kiti na kulipwa. Sasa mtu ameshafanya miaka mitatu minne anaanza kuwaza kuhama. Sikatai wala sikusukumi. Ninachotaka ni kwamba usilipe ada hata dola moja kabla macho yako, miguu yako na ratiba ya nyumba yako havijajibu, kwa sababu kichwani najua wewe koda utaweza, huko sina wasiwasi kabisa.

Unakimbia nini?

Anza hapa, na uwe mkweli. Ukiniambia unakimbia upweke wa kukaa na kompyuta peke yako, unataka kuwa karibu na mgonjwa lakini hutaki unesi, unapenda kufanya kazi kwa mikono, basi tuendelee kuongea. Ukiniambia unaogopa kompyuta zitachukua kodingi, hofu yako naielewa, programu za kompyuta zinazopendekeza namba za kodingi zipo na zinazidi kuwa nzuri na kampuni nyingi zimepeleka kazi India na Ufilipino, lakini hofu peke yake haitakusimamisha masaa sita bila kukojoa. Na kama unachotafuta ni hela tu, piga hesabu taratibu. Takwimu za serikali za mwaka 2023 zinaonyesha skrabu teki wa katikati analipwa kama dola 60,000 kwa mwaka na watu wa rekodi za matibabu, ambamo makoda wamo, kama dola 49,000. Ukiangalia hivyo unaona umepanda. Lakini hiyo ni ya katikati ndugu yangu, wewe utaanza chini kabisa kama mgeni, na kama una CCS (cheti cha kodingi ya hospitali) na miaka mingi ya kodingi ya wagonjwa waliolazwa, mshahara wako wa kwanza ndani ya chumba cha upasuaji unaweza kabisa kuwa mdogo kuliko unaoupata sasa hivi ukiwa na kanga kiunoni sebuleni kwako. Mimi nilishuka. Ilinichukua muda kurudi pale nilipokuwa, na wakati huo nilikuwa nalipia gari la pili na petroli na mtu wa kunikalia na watoto, vitu ambavyo kodingi ya nyumbani ilikuwa inanifichia.

Kwa wa hela tu ushauri wangu ni baki, chukua CCS kama huna, au ingia ukaguzi wa kodingi. Na kwa yule ambaye moyoni anataka kuwa nesi lakini anaona hii ni njia ya mkato: hapana. Ukishakuwa skrabu teki ukitaka unesi utaanza shule ya unesi mwanzo, masomo machache tu kama anatomia ndiyo yatahamia. Kama ni unesi nenda unesi.

Kazi yenyewe

Nielezee kidogo maana ripoti ya daktari haisemi haya. Operesheni ya kwanza kisu kinagusa ngozi saa moja na nusu asubuhi. Wewe saa kumi na mbili na nusu uko hospitalini umeshabadilisha nguo, unaangalia kadi ya matakwa ya daktari wako (kila daktari ana kadi inayosema anapenda uzi gani, glavu namba ngapi, hata upande anaosimama), unahakikisha vifaa vimetoka vyote. Unanawa mikono mpaka juu ya kiwiko, unavaa gauni na glavu za steraili (zisizo na kijidudu chochote), unapanga meza kubwa ya nyuma na ile meza ndogo ya juu ya mgonjwa inayoitwa Mayo. Kisha wewe na nesi anayezunguka chumbani mnahesabu pamoja kwa sauti, gozi ngapi, sindano ngapi, visu vingapi. Mtahesabu tena kabla ya kufunga tumbo, na tena kabla ya kufunga ngozi, na kwenye upasuaji wa kujifungua kuna hesabu nyingine pale mfuko wa uzazi unapofungwa.

Gozi zote zinazotumika ndani ya jeraha zina uzi ndani yake unaoonekana kwenye eksirei. Nilikuwa nalijua hilo kwa kusoma tu. Nikiwa mwanafunzi kwenye fildi, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini, mwezi wa pili, tulikuwa na sindano ndogo sana ya uzi wa mshipa, hesabu ya mwisho ikawa pungufu moja. Daktari ameshachoka, anataka kufunga, mgonjwa yuko usingizini muda mrefu. Mwalimu wangu alikuwa pembeni kimya ananiangalia. Nikasema, "Dokta, hesabu haijakamilika." Sauti ilitoka ndogo. Akaniuliza nina uhakika, nikarudia kwa nguvu zaidi, nina uhakika. Kazi ikasimama, tukatafuta kwenye vitambaa, nesi akapitisha ile sumaku ya magurudumu sakafuni, wakawa wameshaita eksirei, ndipo ikaonekana imenasa chini ya kifuniko cha kiatu cha daktari msaidizi. Hakuna aliyenigombeza. Lakini nilivyofika kwenye gari nilikaa dakika kumi mikono inatetemeka kabla sijawasha. Nikimpima mtu anayetaka kuhama ndicho kitu cha kwanza ninachomuuliza: wewe uliyelelewa kumheshimu mkubwa na kunyamaza akiongea, utaweza kumwambia daktari mwenye miaka sitini asimame? Maana sisi tumefundwa adabu, na adabu ni nzuri, ila pale mgonjwa hana mdomo wa kujisemea, mdomo wake ni wewe.

Kaone kwa macho kwanza

Hili usiliruke hata kama una haraka. Kama unafanya kodi za hospitali, hata ukiwa nyumbani, una bosi na bosi wako anajuana na mtu wa upasuaji. Omba ukae siku moja kuangalia. Nilituma ujumbe mfupi tu kwamba nafanya kodi za upasuaji na nikiona operesheni zenyewe nitasoma ripoti vizuri zaidi, ambao ni ukweli mtupu, wakanikubalia baada ya kusaini karatasi za siri za mgonjwa. Wengine huwa wanakatazwa, sera za hospitali hazifanani, basi uliza koleji unayotaka kwenda kama wana siku ya wazi kwenye maabara yao.

Siku hiyo kula asubuhi. Watu wanaozimia wengi hawajala, na wamekaza magoti. Ukisikia joto na masikio yanaziba, rudi nyuma kaa chini sakafuni pale pale, usianguke mbele juu ya meza ya steraili. Angalia mtu anayesimama pale kwenye Mayo, usimwangalie daktari. Angalia mikono yake, anavyoangalia mbele hatua mbili. Daktari akishika mshipa kwa koleo la Kelly, yeye ameshachukua uzi mkononi. Uone pia mwisho wa operesheni, wakati daktari ameshaondoka kwenda kunywa kahawa na yule teki amebaki anakusanya vyombo vyenye damu, anavinyunyizia dawa visikaukie, anasukuma toroli kupeleka chini kuoshwa, halafu anarudi kupanga upya kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Kama hiyo sehemu ya mwisho imekuchefua kuliko damu yenyewe, tafakari tena.

Njia nyingine ambayo naiona bora kuliko zote, na watu wetu wengi hawaijui: ingia kwanza kwenye idara ya kusafisha na kuchemsha vifaa vya upasuaji, hata kwa shifti za wikiendi. Kuna cheti chake kinaitwa CRCST, kinataka masaa 400 ya kazi ya mikono. Huko utashika kila kifaa, utakijua jina, utajua Kocher ina meno mwishoni na Kelly haina, utajua sanduku la mifupa lina uzito gani, na unalipwa. Dada mmoja tuliyekuwa naye darasani alitoka huko, kwenye mtihani wa vifaa sisi tunahangaika na kadi za picha yeye anavitaja kama majina ya watoto wake.

Shule

Hapa nitakaza sauti kidogo. Ili ufanye mtihani wa CST, cheti cha skrabu teki kinachotolewa na bodi ya NBSTSA, njia ya kawaida ni kuwa umemaliza programu iliyoidhinishwa na CAAHEP au ABHES. Usikubali maneno ya mdomo ya mtu wa kuandikisha wanafunzi, ingia mwenyewe kwenye orodha za CAAHEP na ABHES utafute jina la shule na mji wake, maana shule moja inaweza kuwa na matawi matano na programu ya tawi lako isiwe humo. Halafu waombe takwimu zao za watu wangapi wanamaliza, wangapi wanafaulu, wangapi wanaajiriwa. Programu zilizoidhinishwa zina namba hizo. Shule ikianza kuzungukazunguka ondoka.

Programu inachukua kuanzia mwaka mmoja hivi kwa cheti mpaka miaka miwili kwa digrii ndogo wanayoiita associate. Komyuniti koleji ni nafuu zaidi lakini nafasi ni chache na mara nyingi kuna foleni, wanataka uwe umefaulu anatomia na istilahi za kitabibu na pengine maikrobiolojia kabla ya kuomba. Shule binafsi zinakupokea wiki ijayo, na ada inaweza kupita dola 20,000 bila shida. Mnakumbuka shule binafsi za ITT zilivyofunga milango Septemba 2016 na mwaka mmoja kabla yake zile za Corinthian, wanafunzi wakabaki na madeni na masomo ambayo koleji nyingine hazikuyapokea. Ukiona shule inakuharakisha usaini leo leo, jua haraka hiyo ni ya kwao. Mimi nilisubiri foleni ya komyuniti koleji mwaka mzima, na ule mwaka nilimalizia anatomia usiku huku naendelea na kodi zangu mchana, sikupoteza kitu.

Kama una grini kadi jaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali, mapema. Kama una digrii ya nyumbani, iwe Dodoma iwe Makerere iwe Nairobi, ipeleke ikatathminiwe na taasisi kama WES, inaweza kukuondolea Kiingereza na hesabu za jumla. Ila ulizia koleji yako kwanza wanakubali tathmini ya nani kabla hujatuma hela.

Na sheria zinatofautiana jimbo kwa jimbo. Texas hapa, na Tennessee, Indiana, South Carolina, New York, New Jersey, Massachusetts, kuna sheria zinazozitaka hospitali ziajiri wenye cheti au waliosoma programu maalumu, na kila moja ina misamaha yake. Kwingine sheria haisemi kitu lakini waajiri wenyewe wanakitaka. Ukisikia mtu anakwambia huku kwetu hawahitaji cheti, muulize ukihama jimbo utafanyaje.

Fildi ndipo panapovunja watu

Darasa letu tulianza kumi na wanane, tukamaliza kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyeachia kwa sababu ya kufeli anatomia. Waliachia kwenye fildi, na sababu ilikuwa maisha: kodi ya nyumba, watoto, gari bovu, mume aliyechoka.

Fildi hulipwi. Ni mchana, siku tatu mpaka tano za wiki, kwa miezi kadhaa, na hospitali unapangiwa wewe huchagui, inaweza kuwa saa nzima ya kuendesha. Na si kukaa tu, kuna hesabu ya operesheni unatakiwa ufikishe. Kwa mtaala wa shule nyingi ni 120, thelathini za upasuaji wa jumla ambazo ishirini kati yake wewe ndiye unayesimama kama wa kwanza, na tisini za fani nyingine kama mifupa, uzazi, macho, masikio na koo, mkojo, ambazo sitini uwe wa kwanza. Kuwa wa kwanza maana yake umepanga, umehesabu, umempa daktari vifaa, sio umesimama nyuma ya teki ukishika kifyonza damu. Hospitali ikiwa ina kesi chache wiki hiyo, unarudi nyumbani bila hesabu na muda unaenda.

Kwa hiyo kabla ya kuandikishwa kaa chini na mwenzako mfungue daftari. Miezi ya fildi mtakula nini? Nani atawapeleka watoto shule wakati wewe saa kumi na moja alfajiri uko barabarani? Ukiwa koda una bahati moja kubwa ambayo mwenzako anayefanya kazi dukani hana: kazi yako inaweza kufanyika jioni. Nilimwomba bosi wangu anihamishe kwenda kwa muda mfupi, masaa ishirini kwa wiki, nifanye usiku na Jumamosi, tena nilimwomba miezi minne kabla. Alikubali kwa sababu nilikuwa nafanya vizuri na alijua nikienda moja kwa moja anapata hasara. Hiyo ndiyo ilinivusha. Pia nilikuwa nimeweka akiba ya miezi mitano, tulikuwa tunacheza mchezo na kina mama wenzangu, nikaomba zamu yangu ya kupokea iangukie mwezi wa kwanza wa fildi. Wakanipa. Sijawahi kusahau.

Karatasi na sindano

Kabla ya fildi watakagua historia yako ya polisi, watapima dawa za kulevya, watataka kadi ya huduma ya kwanza ya moyo, na chanjo zote: homa ya ini B, surua na wenzake, tetekuwanga, mafua. Homa ya ini B inaweza kuchukua miezi sita kumaliza dozi tatu, sasa usisubiri uambiwe. Halafu hili ni la kwetu hasa. Sisi tulichanjwa BCG utotoni, kovu lile la begani wote tunalo, na kipimo cha kifua kikuu cha kuchoma ngozi kinaweza kuvimba kwa ajili ya ile chanjo wakati huna ugonjwa wowote, ukajikuta unapelekwa eksirei na kuulizwa maswali wiki mbili kabla ya kuanza. Omba kipimo cha damu tangu mwanzo, hicho hakichanganywi na BCG.

Kucha za bandia hapana, pete hapana, saa hapana. Rasta na nywele za kusuka hakuna shida, zipo kofia kubwa, ila zote ziingie ndani. Dada zangu mnaovaa hijabu, hospitali nyingi zina kofia za kutupa zinazofunika kichwa na shingo, lakini kwenye kunawa mikono lazima iwe wazi mpaka juu ya kiwiko, hakuna namna ya kuzunguka hilo, na utakuwa kwenye sinki la pamoja kabla hujavaa gauni. Ongea na mratibu wa fildi mapema badala ya kufika siku yenyewe ukaanza kubishana mlangoni. Mwezi wa Ramadhani mwenzangu mmoja wa Unguja alikuwa anaomba apangiwe kesi fupi za asubuhi, walimsikiliza mara nyingi, si mara zote.

Unakuja na nini kutoka kwenye kodi

Unakuja na vingi, usijidharau. Neno lolote linaloishia na ektomi au ostomi au plasti hutalifundishwa. Anatomia unayo. Unajua operesheni ina hatua na hatua zina mpangilio, kwa sababu umesoma maelfu ya ripoti zinazoanza na mgonjwa amelazwa chali na kuisha na hesabu zilikuwa sahihi mara mbili. Ule mstari wa mwisho nilikuwa naupita kama sijauona, hauna kodi yake. Sasa ndio mstari wangu mimi.

Tumia ripoti hizo kama kitabu, zile za mifano ya kujifunzia, za wagonjwa usizitoe kazini hata moja ni kosa la sheria. Chukua moja, isome polepole, kila sentensi jiulize daktari hapa anataka nini mkononi. "Ngozi ilikatwa", kisu namba 10 au 15, halafu hicho kisu hakirudi ndani kimeshagusa ngozi. "Utando ulifunguliwa", mkasi wa Metzenbaum ule mwembamba, sio wa Mayo ambao ni wa kukatia uzi na vitu vigumu. "Damu ilizuiwa", ile kalamu ya umeme wanaiita Bovie, na gozi. Nilijaza madaftari mawili hivyo na lilikuwa jambo lililonisaidia kuliko video zote nilizoangalia.

Usichokuja nacho ni mikono. Nunua kishika sindano cha bei rahisi mtandaoni, fungua funga kwa mkono wa kulia mpaka uchoke halafu wa kushoto, ukiwa unapika ukiwa unaongea na simu. Zoea kushika sindano theluthi moja kutoka upande wenye uzi. Kumkabidhi daktari kifaa ni kumpigia kiganjani kwa nguvu ya kutosha aisikie bila kuangalia, mpini ukiwa kwenye mkono wake na ncha imepinda upande atakaotumia. Sisi tumezoea kumpa mtu kitu kwa upole na mikono miwili, mimi mwalimu alinirudisha mara nyingi sana kwenye hilo.

Na masikio. Huko ndani kila mtu ana barakoa, midomo huioni, mashine zinalia, na daktari anasema jina la kifaa kwa kifupi au kwa jina la utani alilojifunza chuoni kwake miaka thelathini iliyopita. Ukiwa umejifunza Kiingereza ukubwani kama mimi, hili litakutesa kuliko damu. Nilijirekodi nikitaja majina mia mbili, nikawa nasikiliza kwenye gari kwenda na kurudi. Na kama hukusikia uliza, mara moja, kwa sauti ya wazi. Kumpa kitu cha kubahatisha ni vibaya zaidi ya kuuliza.

Mtihani na kazi ya kwanza

Mtihani wa CST ni maswali 175, yanayohesabiwa ni 150, una masaa manne. Wewe uliyefanya CPC ya maswali 100 kwa masaa manne utaona muda unabaki. Soma sana usteraili na mpangilio wa operesheni, huko ndiko maswali yalipo. Cheti unakihuisha kila miaka miwili kwa pointi 30 za masomo. Na CPC yako usiiache ife tafadhali, ni pointi 36 kila miaka miwili na ada ya uanachama, siku mgongo ukikataa au umepata ujauzito na hutaki kukaa karibu na mionzi ya eksirei na ile saruji ya mifupa, una mahali pa kurudi, na makoda wa upasuaji waliowahi kusimama ndani ni wachache sana.

Kwenye intavyuu ya kwanza uliza watakufundisha wiki ngapi kabla ya kukuacha peke yako, na onkoli (zamu ya kusubiri kuitwa) inaanza lini. Mgeni akiwekwa onkoli ya usiku mwezi wa pili hospitali ambayo ina teki mmoja tu usiku, hapo hapana, hata kama mshahara ni mzuri, utakuwa wewe na tumbo lililopasuka na daktari usiyemjua. Uliza pia wanalipa kiasi gani kwa saa ukiwa umekaa nyumbani unasubiri simu, na kiasi gani wakikuita. Sehemu nyingi ukiitwa unatakiwa uwe umefika ndani ya dakika 30, kwa hiyo kabla hujasaini, ingia kwenye gari usiku mmoja uendeshe kutoka mlangoni kwako mpaka maegesho ya hospitali, na usianze kuhesabu ukiwa ndani ya gari, anza kuhesabu ukiwa kitandani umevaa nguo za kulala.